Picha ya Nyuma ya Jicho: Ugonjwa wa Kusahau na Wazee wa Rungwe
Mhadhara kwa wananchi, Tukuyu

  

Nimeombwa nizungumzie habari ambayo wengi wenu mmeisikia redioni au mmetumiwa kwenye simu: kwamba siku hizi mtu akipigwa picha ya nyuma ya jicho anaweza kujulikana kama ana Alzheimer, ule ugonjwa wa uzeeni unaofuta kumbukumbu, tena kabla hata familia haijashtuka. Wapo walioniuliza kama kamera hiyo imefika Mbeya na bei yake ni kiasi gani. Nijibu mapema, asije mtu akavumilia mhadhara mzima akingoja bei. Utafiti wenyewe si uzushi, na ni kazi ya watu makini. Lakini kipimo hicho bado hakijafika mahali pa kumwambia mzee mmoja aliyeketi kitini, wewe unao au wewe huna. Na hata kingefika kesho, kwa wilaya yetu ya Rungwe kazi ya kwanza ya kamera hiyo ingekuwa nyingine. Kazi hiyo nyingine ndiyo ninayotaka tuidai.

Tuanze na jicho lenyewe. Tumezoea kulihesabu pamoja na pua na masikio, kumbe sehemu yake ya ndani ni ubongo. Mtoto akiwa tumboni, wiki chache tu tangu mimba itungwe, ubongo unaoanza kuumbika huchomoza pande mbili, na ncha za vichomozo hivyo ndizo zinazokuja kuwa retina, utando mwembamba unaopokea mwanga. Kutoka kwenye retina nyuzi za neva zipatazo milioni moja hukusanyika na kurudi ubongoni kupitia mshipa wa fahamu wa jicho. Kwa hiyo kilichopo nyuma ya mboni ni kipande cha ubongo ambacho hakikufunikwa na fuvu. Tangu mwaka 1851, Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotangaza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho, daktari ameweza kuona neva na mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila kushika kisu.

Waliowahi kupimwa wanaujua utaratibu. Unatiwa matone, yanawasha kidogo, unaambiwa ukae kwenye benchi mpaka mboni zipanuke. Kuanzia hapo jua linakuumiza na ujumbe wa simu huwezi kuusoma kwa saa kadhaa, ndiyo maana tunasema njoo na mtu wa kukushika mkono. Unaweka kidevu kwenye kishikizo, paji la uso linagusa mkanda, unaambiwa tazama kitaa kile na usipepese, kisha mwanga unapiga mara moja. Kwenye skrini linatokea duara la wekundu unaoelekea kahawia, kwetu sisi watu weusi likiwa limekoza kuliko picha zilizochapwa kwenye vitabu vya Ulaya. Upande wa puani kuna doa la njano iliyopauka: hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotokea. Kuanzia kwenye doa hilo mishipa ya damu inatawanyika juu na chini, ateri nyembamba na zenye kung'aa, vena nene na nyeusi zaidi. Mwenye presha ya miaka mingi, ateri zake zimebana, na pale ateri inapokatiza juu ya vena, vena inaonekana kuminywa. Mwenye kisukari kilichoachwa, vidoa vya damu vimetapakaa. Hayo yote yanasomeka leo, katika nchi hii, na hakuna daktari wa macho anayeyabishia.

Alzheimer ni habari nyingine. Novemba 1901 mwanamke mmoja Mjerumani wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Alipoulizwa jina la mumewe, akataja la kwake. Daktari aliyemhoji na kuandika majibu yake alikuwa Alois Alzheimer. Baadaye daktari huyo alihamia kazi nyingine, akafika Munich, lakini mgonjwa huyo hakumtoka akilini. Auguste alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulipelekwa Munich. Alzheimer aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi, akaviweka chini ya hadubini. Aliona madoa yaliyogandamana baina ya seli, na ndani ya seli zenyewe akaona nyuzi zilizojisokota. Novemba mwaka huohuo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen, nao hawakuonyesha kuvutiwa. Leo tunajua kuwa madoa yale ni protini iitwayo amiloidi na nyuzi zile ni protini iitwayo tau.

Miaka hiyo mji huu Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na huku nako maiti zilikuwa zikifunguliwa. Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameandika kwamba kifo kikitiliwa shaka tumbo la marehemu lilipasuliwa kutafuta alama za uchawi, kwa sababu mchawi aliaminiwa kubeba chatu tumboni. Sisemi hivi kuwacheka babu zetu, na anayecheka hapo nyuma angoje kidogo. Walikosea kiungo, wakakosea na sababu. Lakini lile wazo kwamba chanzo cha mambo ya mtu kimo ndani ya mwili, na kwamba ni sharti ufungue ndipo uone, walikuwa nalo sawasawa na yule bwana wa Munich. Na wote walikwama palepale: jibu lilipatikana wakati mwenyewe ameshakufa.

Kwa karibu miaka mia moja Alzheimer ilithibitishwa hivyo, kwa ubongo wa maiti. Mashine za picha za PET zilianza kuonyesha amiloidi katika ubongo wa mtu aliye hai mwaka 2004, na maji ya uti wa mgongo nayo yanapimwa, lakini vyote viwili ni vya gharama na vinahitaji hospitali kubwa. Mnaelewa sasa kwa nini watafiti waliligeukia jicho. Kama retina ni ubongo, basi kinachouharibu ubongo huenda kinaacha alama kwenye retina, na retina inapigwa picha kwa dakika chache.

Mwaka 1986 timu ya David Hinton huko Marekani ilichunguza mishipa ya fahamu ya macho ya watu waliofariki wakiwa na Alzheimer, ikakuta nyuzi nyingi zimekufa. Mwaka 1991 ikaja mashine ya OCT. Hii inapima kwa mwanga kile ambacho ultrasaundi inapima kwa sauti: inatuma mwanga, inasikiliza unavyorudi, na inachora matabaka ya retina moja moja, tofauti zikihesabiwa kwa sehemu za elfu za milimita. Tafiti nyingi za OCT zilizofuata zilionyesha kuwa, kwa wastani, tabaka la nyuzi za neva kwa wenye Alzheimer ni jembamba kuliko kwa wenzao wazima. Lishikeni hilo neno, kwa wastani, tutalirudia.

Kisha kuna habari ya manjano, ambayo akina mama mtaipenda. Ndani ya manjano haya ya kupikia mna kemikali iitwayo kurkumini, nayo ina tabia ya kunata kwenye amiloidi na kung'aa ikimulikwa mwanga wa aina fulani. Mwaka 2011 Maya Koronyo-Hamaoui na wenzake wa Cedars-Sinai, Los Angeles, walitangaza kuwa wameyaona madoa ya amiloidi kwenye retina kwa kutumia rangi hiyo, na mwaka 2017 wakatoa picha za watu walio hai waliokuwa wamenyweshwa kurkumini iliyotengenezwa maalumu. Tafadhali, asitoke mtu hapa akaenda kumimina manjano kwenye mboga ya babu. Kule yalitumika kama rangi ya kuonea; tiba ni jambo jingine. Tena si kila maabara imeyaona madoa hayo. Watafiti wa Amsterdam, katika kazi iliyotoka 2018, walitafuta kwenye macho ya marehemu waliothibitishwa kuwa na Alzheimer, wakaikuta tau lakini madoa ya amiloidi hawakuyapata. Mpaka leo ubishi huo haujaisha.

Wengine waliangalia mishipa ya damu. Timu ya Sharon Fekrat katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 2019 ililinganisha watu 39 wenye Alzheimer, 37 wenye usahaulifu wa hatua ya awali na 133 wazima. Mtandao wa vishipa vidogo vya retina kwa wenye Alzheimer ulikuwa umepungua. Na mwaka 2022 Carol Cheung wa Hong Kong na wenzake wa nchi kadhaa waliifundisha akili unde kusoma picha za kawaida za jicho, zaidi ya picha 12,900, za watu 648 wenye Alzheimer na 3,240 wasio nayo. Walipoijaribu, ilipatia kwa asilimia kama 80 au zaidi. Hizi ndizo habari zinazofika kwenye simu zenu zikiwa zimeongezwa chumvi.

Sasa tuichukue kamera hiyo, tuipandishe Coaster kutoka Mbeya, ishuke hapa stendi.

Wa kwanza kuketi ni mzee wa miaka 75 kutoka Masoko. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Kamera itapiga, na picha itatoka na weupe mtupu; ni kama Mlima Rungwe asubuhi ya ukungu, upo lakini hauuoni. Huyo hana jibu. Anayefuata ni mama wa Kiwira. Picha yake ni safi, na tabaka la neva ni jembamba kweli. Alzheimer? Pengine. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaoua nyuzi hizohizo, nao ni presha ya macho. Utafiti uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta kuwa zaidi kidogo ya watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana presha ya macho. Huo haupigi hodi, unakula pembe za uoni kimyakimya mpaka mtu aanze kugonga milango. Mashine inayotafuta wembamba wa neva itamkamata mgonjwa wa presha ya macho na kumpa jina la ugonjwa mwingine.

Wa tatu ni mzee aliyelelewa kando ya mto. Hapa ndipo Rungwe ina habari yake yenyewe. Mito yetu inakwenda kasi, na maji yaendayo kasi ndiyo mazalia ya inzi wanaoeneza usubi, ule upofu wa mtoni. Eneo la Tukuyu limo katika orodha ya maeneo ya usubi ya Tanzania kwa miaka mingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagawa dawa wa vijijini wamekuwa wakipita na kijiti cha kupimia urefu, maana idadi ya vidonge inafuata kimo cha mtu. Lakini mwenye miaka 70 leo aliumwa na inzi hao kwa miongo mingi kabla ya kijiti hicho kufika. Vijidudu vya usubi huweza kuingia jichoni na kuacha makovu kwenye retina na mshipa wa fahamu; Harold Ridley, daktari Mwingereza ambaye baadaye alibuni lenzi ya bandia ya mtoto wa jicho, aliyaeleza makovu hayo mwaka 1945 kutokana na wagonjwa aliowaona Ghana. Mashine ile ya Cheung na wenzake, sidhani kama iliwahi kuona kovu la usubi. Sijui italiita nini.

Na kuna mizani yenyewe. Mashine hizi hulinganisha jicho lako na macho yaliyohesabiwa kuwa ya kawaida, na mengi ya macho hayo ni ya watu wa Ulaya, Marekani na Asia. Doa la mshipa wa fahamu kwa watu weusi kwa wastani ni kubwa zaidi, na unene wa matabaka unatofautiana. Ukitumia mizani ya mwingine utapata uzito, ila hautakuwa wako.

Sasa lile neno, wastani. Tanzania tuna hesabu yetu nzuri, kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Watafiti wa huko wakishirikiana na Richard Walker na wenzake wa Newcastle walipita vijijini, na matokeo yao ya mwaka 2013 yanaonyesha kuwa kwa wenye miaka 70 na kuendelea, kama 6.4 katika kila 100 wana demensia, yaani upotevu wa kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha, Alzheimer ikiwa chanzo chake kikubwa. Tuchukue wazee 1,000 wa Rungwe, tuseme hali ni ileile: 64 wanaumwa, 936 ni wazima. Tuipe kamera sifa nzuri, ipatie wagonjwa 80 kati ya 100 na wazima 80 kati ya 100. Itawakamata wagonjwa 51 na kuwaacha 13. Lakini itawaita pia wazima 187. Jumla wazee 238 wanarudi nyumbani na karatasi ya ugonjwa, na wanaostahili karatasi hiyo hawafiki robo.

Wapo watakaosema, kuna ubaya gani, si watapimwa tena? Ubaya tunaujua. Huko Usukumani bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, watu wakisema ni dalili ya uchawi, wakati wekundu ule ulikuwa wa moshi wa jikoni wa maisha mazima. Nchi ambayo jicho la mwanamke mzee limewahi kusomwa hivyo haina haki ya kuchezea karatasi inayosema jicho la fulani lina kasoro. Na usahaulifu wenyewe bado unasomwa vibaya. Bibi anaweka chumvi mara tatu, analala mchana na kutembea usiku, anamtuhumu mkwewe kumwibia kanga. Mtaani wanasema amerogwa, au yeye ndiye anayeroga. Zamani, katika vile vijiji vya marika ambavyo Wanyakyusa walisifika navyo, mtu alizeeka akiwa amezungukwa na wenzake wa umri wake. Leo watoto wako Mbeya, Tunduma, Dar es Salaam, na bibi amebaki na mjukuu wa darasa la tano. Mjukuu huyo ndiye wa kwanza kuona, na hana wa kumwambia.

Basi tumpime vipi? Hao hao wa Hai wanatumia kipimo kiitwacho IDEA, na mhudumu asiye daktari anaweza kufundishwa kukitumia. Leo ni siku gani ya juma? Kiongozi wa kijiji chako ni nani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kumbuka maneno haya kumi, nitakuuliza baadaye. Panga vijiti vya kiberiti kama nilivyopanga mimi. Kuna na swali hili: daraja ni nini? Hakuna sharti la kusoma wala kuandika, nami nakipendea hapo. Mzee wa huku akijibu kwamba daraja ni kitu cha kuvukia mto, lingine amelijenga mtu na lingine, lile la mwamba pale mto Kiwira, amelijenga Mungu mwenyewe, mpe alama zake zote.

Kamera sasa. Naitaka ije. Mwenye kisukari anayekwenda kliniki katika hospitali ya Makandana au Igogwe angepaswa kupigwa picha ya retina kila mwaka, kwa sababu upofu wa kisukari unazuilika ukiwahiwa. Vifaa vimeshuka ukubwa: Andrew Bastawrous na wenzake, wakifanya kazi Nakuru, Kenya, walionyesha kuwa simu ya mkononi yenye kifaa cha kupachika inaweza kupiga picha ya mshipa wa fahamu wa jicho. Rwanda, Wanjiku Mathenge na wenzake wamejaribu akili unde kusoma picha za wenye kisukari na kutoa jibu papo hapo, na wagonjwa waliopewa jibu hapo hapo walifuata rufaa yao zaidi. Picha hizo zikihifadhiwa vizuri, kwa ridhaa ya wenyewe, pamoja na majibu yao ya IDEA, baada ya miaka kumi tutakuwa na mizani ya macho yetu, makovu ya usubi yakiwemo. Hapo ndipo mtu wa Hong Kong atatuuliza sisi.

Nisije nikawaficha kwamba jicho lina mshindani. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha damu cha kutafuta amiloidi na tau kwa watu wenye dalili. Damu haijali mtoto wa jicho. Huenda ikaishinda kamera mbio hizi, na wala sitasikitika. Dawa mpya kama lecanemab, iliyoruhusiwa kule mwaka 2023, zinapunguza kasi ya ugonjwa kidogo tu, kwa kawaida zinadungwa kwenye mshipa na zinataka picha za MRI mara kwa mara.

Kinachonikosesha usingizi ni cha bei ndogo zaidi. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia demensia ambayo yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa, na katika nyongeza za mwaka huo mlikuwa na kutoona vizuri kusikotibiwa. Kabla ya hapo, utafiti wa Seattle uliowafuatilia wazee zaidi ya 3,000 ulikuta kuwa waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata demensia kwa kiwango cha chini, karibu asilimia 30 pungufu ya wasiofanyiwa. Haithibitishi kuwa kisu ndicho kilichowakinga. Pengine waliofanyiwa walikuwa na afya au fedha zaidi. Ila upasuaji huo tunaujua, unafanyika, na dirisha la wazee lipo hospitalini kwa ajili ya watu hao hao.

Ninachoomba halmashauri na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni hiki. Kambi ya upasuaji wa macho ikija, msimuulize mzee maswali ya kumbukumbu asubuhi anapofika, wakati haoni, ana hofu na hajala. Mtoeni mtoto wa jicho, mpimeni presha ya macho na sukari. Akirudi kukaguliwa, bandeji ikiwa imeshatoka na anaona, muulizeni ya IDEA hapo, mjukuu au mkwe akiwa pembeni, muulizeni na yeye anaona nini nyumbani. Mtu asiyeona hawezi kupanga vijiti vya kiberiti, na tumeshaandika wengi kuwa wamepotewa na akili kwa sababu hiyo tu.